Montessori alianzia kwa watoto wa vibarua

Kila alfajiri, kabla ya jua kuchomoza, barabara za Lunga Lunga na Enterprise hapa Nairobi hujaa watu waendao kwa miguu. Hutoka Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Kayaba wakielekea Industrial Area, na wengi wao hawajui kama siku hiyo watapata kazi au watarudi mikono mitupu. Husimama nje ya malango ya viwanda wakimngojea msimamizi atoke kuchagua vibarua. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: watu hao wamewaacha wapi watoto wao wa miaka mitatu, minne na mitano? Wengi wamewaacha katika vyumba vya mabati viitwavyo shule za chekechea, chini ya mwalimu mmoja mwenye ubao mmoja, watoto wengi kuliko viti, na fimbo iliyoegemezwa pembeni mwa ukuta.

Upande wa pili wa jiji, katika mitaa ya Karen na Lavington, jina la Montessori limechorwa kwa rangi za kupendeza kwenye malango ya shule ambazo karo yake ya muhula mmoja inaweza kumlipia kibarua kodi ya nyumba kwa miaka. Kwa sababu hiyo mkazi wa Mukuru anapolisikia jina hilo hudhani kuwa ni jambo la matajiri. Hata wanafunzi wa ualimu aghalabu hulikariri pamoja na jina la Froebel kwa ajili ya mtihani, kisha wakalisahau. Leo nataka kuyasimulia maisha ya mwenye jina hilo, kwa kuwa naamini kwamba kazi yake ilianza mahali panapofanana mno na Mukuru, na kwamba sisi tunaowafundisha watoto wa maskini ndio warithi wake halali.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na Ancona, nchini Italia. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali aliyefanya kazi katika kiwanda cha tumbaku cha mji huo. Wakazi wa Industrial Area, wenye kiwanda kama hicho katika barabara ya Likoni, watalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Mama yake, Renilde, alikuwa mpenda vitabu katika zama ambazo wanawake wengi wa Italia hawakujua kusoma. Familia ilihamia Roma mwaka 1875. Huko binti huyo akaingia shule ya ufundi ya wavulana akitamani kuwa mhandisi, kisha akageuza nia na kuamua kusomea udaktari, jambo ambalo baba yake hakulipenda.

Katika Chuo Kikuu cha Roma hakuruhusiwa kupasua maiti pamoja na wanafunzi wa kiume. Ilimlazimu kuifanya kazi hiyo peke yake, baada ya wenzake kuondoka, akiwa amefungiwa chumbani na wafu. Alihitimu mwaka 1896 na kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupata shahada ya udaktari nchini mwake. Mwaka huohuo alihudhuria kongamano la wanawake mjini Berlin na kudai kwamba mwanamke afanyaye kazi sawa na mwanamume alipwe ujira sawa naye. Akina mama washonao nguo katika viwanda vyetu bado wanalidai jambo hilo.

Kazi yake ya kwanza ilimpeleka katika hospitali za wagonjwa wa akili mjini Roma. Humo watoto wenye ulemavu wa akili walikuwa wamefungiwa pamoja na watu wazima, katika vyumba visivyokuwa na kitu chochote cha kushika wala cha kuchezea. Inasimuliwa kwamba mlinzi mmoja alilalamika jinsi watoto hao walivyokuwa wakitambaa sakafuni baada ya chakula na kuokota makombo ya mkate. Yeye aliiona ni tabia chafu. Daktari huyo kijana aliona jambo lingine kabisa: watoto wale walikuwa wakiyafinyanga makombo na kuyachezea, maana ndicho kitu pekee walichokuwa nacho cha kugusa. Mikono yao ilikuwa na njaa. Alirudi kwenye maandishi ya madaktari wawili wa Ufaransa, Itard na mwanafunzi wake Séguin, waliokuwa wamewafundisha watoto wa aina hiyo kwa kutumia vitu vya kushikwa, kupangwa na kulinganishwa. Mwaka 1900 akashiriki kuongoza shule ya kuwaandaa walimu wa watoto hao, na baadhi ya watoto waliodhaniwa kuwa hawafundishiki wakajua kusoma na kuandika. Watu wakamsifu. Yeye akajiuliza swali la kuudhi: ikiwa watoto hawa wamefika hapa, ni kitu gani kinachowazuia watoto wazima wa shule za kawaida wasifike mbali zaidi?

Katika miaka hiyohiyo lilitokea jambo ambalo wapenzi wake hawapendi kulitaja. Mwaka 1898 alimzaa mtoto wa kiume, Mario, nje ya ndoa. Baba wa mtoto alikuwa daktari mwenzake, Giuseppe Montesano. Kwa desturi za Italia ya wakati huo, aibu hiyo ingemfukuzisha kazi, kwa hiyo mtoto akapelekwa kulelewa mashambani na watu wengine. Mwanamke ambaye dunia nzima ingemjua kwa kuwaelewa watoto hakumlea wake mwenyewe mpaka alipokuwa kijana wa umri wa miaka 15 hivi. Silitaji hili ili kumvunjia heshima. Nalitaja kwa sababu akina mama wanaowaacha watoto wao kwa jirani ili waende kutafuta riziki hulaumiwa kila siku na watu wasiojua uzito wa uamuzi huo.

Sasa twende San Lorenzo. Huu ulikuwa mtaa wa mjini Roma ulio karibu na reli na makaburi. Miaka ya 1880 wajenzi walianza kuinua majumba makubwa hapo kwa tamaa ya faida. Fedha zikawaishia, wakayaacha majumba yakiwa nusu. Watu wasio na makao wakaingia. Chumba kimoja kikagawanywa na kupangishwa kwa familia kadhaa, maji yakawa shida, na maradhi hayakuwa mgeni. Msomaji aliyewahi kuishi Muthurwa au Mukuru hahitaji maelezo zaidi. Baadaye kampuni moja ya majumba, chini ya mhandisi Edoardo Talamo, iliyakarabati baadhi ya majengo na kuwapangisha wafanyakazi. Kukatokea tatizo. Baba na mama walipokwenda kazini, watoto wasiotimiza umri wa kwenda shule walibaki wakikimbia kwenye ngazi na kuzichora kuta mpya. Kampuni ikapiga hesabu na kuona kwamba kumlipa mtu wa kuwachunga kungekuwa nafuu kuliko kupaka rangi kila mara. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa jambo hili kubwa. Halikutokana na huruma, bali na hesabu ya rangi ya ukuta.

Montessori aliombwa asimamie chumba hicho, na tarehe 6 Januari 1907 kikafunguliwa katika nyumba nambari 58 ya barabara ya Marsi, kwa jina la Nyumba ya Watoto. Waliletwa watoto wapatao 50, wa umri wa miaka mitatu hadi sita, wamevalishwa kitambaa kizito cha buluu, waoga, wengine wakilia. Hapakuwa na mwalimu aliyesomea. Aliyewekwa kuwaangalia alikuwa binti wa bawabu wa jengo. Fedha zilizotolewa zilihesabiwa kama gharama za ofisi tu, kwa hiyo hata madawati ya shule hayakununuliwa. Viliwekwa viti na meza za kawaida. Montessori akaleta baadhi ya zana alizozitumia kwa watoto wenye ulemavu, akamwonyesha yule binti namna ya kuzitoa, na akamkataza kuwaingilia watoto ovyo. Kisha akakaa kutazama. Walimu wenzangu, hebu tujiulize ni lini mara ya mwisho tulikaa darasani tukatazama tu.

Alichokiona kilimshangaza yeye mwenyewe. Msichana wa miaka mitatu hivi alikuwa akichomeka vigogo vya mbao vya mviringo katika matundu yake, kila kigogo na tundu la kimo chake. Alipomaliza alivitoa vyote na kuanza upya, akarudia tena na tena. Montessori akawaambia watoto wengine waimbe na kuzunguka chumba. Msichana hakuinua macho. Akakinyanyua kiti alichokalia na kukiweka juu ya meza. Msichana akavikumbatia vigogo vyake na kuendelea. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akaacha mwenyewe, bila kuambiwa, akitazama huku na huku kwa furaha kama mtu aliyeamka kutoka usingizi mzuri. Hakuna aliyemwahidi peremende. Hakuna aliyemtisha kwa kiboko. Hakuna mwenzake aliyekuwa akishindana naye.

Zawadi na adhabu zikafuata kutupwa. Mwanzoni yule binti wa bawabu aliwatunuku watoto wema nishani ya kuvaa kifuani, na waliokosea akawakalisha peke yao kwenye kiti mbele ya wengine. Siku moja Montessori alimkuta aliyekuwa katika kiti cha adhabu ndiye aliyeivaa nishani. Mwenye nishani alikuwa katika shughuli zake, ikamwangukia. Aliyeadhibiwa akaiokota, na mwenyewe akamwachia bila kujali, kwani ilikuwa ikimsumbua tu kazini. Hata huyo wa kitini hakuonekana kuona haya. Kabati la zana nalo lilifungwa kwa ufunguo, mpaka asubuhi moja lilipoachwa wazi kwa kusahau na watoto wakajichukulia kila mmoja alichokipenda, wakafanya kazi kwa utulivu. Tangu siku hiyo zana zikawekwa kwenye rafu fupi ambazo mtoto anazifikia mwenyewe, na atakachokitoa atakirudisha.

Lililowashangaza Warumi zaidi ni uandishi. Watoto walipewa herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa na kubandikwa kwenye kadi, wazipapase kwa vidole huku wakitamka sauti ya kila herufi. Hawakulazimishwa kuandika. Miezi michache baadaye mtoto mmoja, aliyepewa chaki achore dohani ya moshi sakafuni, alianza ghafla kuandika maneno, akapiga kelele kwa furaha, na wenzake wakamzunguka wakidai chaki nao. Watoto wa umri wa miaka minne na mitano, ambao baadhi ya wazazi wao hawakujua kusoma, walikuwa wakiandika kwenye sakafu, kwenye kuta na kwenye mikate.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Kitabu chake cha mwaka 1909 kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka 1913 alipokelewa Marekani kama malkia. Mwaka 1914 msomi wa huko, William Heard Kilpatrick, akaandika kijitabu cha kumkosoa, na sifa zikapungua kwa haraka ileile zilivyopanda. Sehemu ya kosa ilikuwa yake. Alitaka kila mwalimu afunzwe naye mwenyewe au kwa idhini yake, na zana zikawa na hataza na bei zake. Nadhani hapo ndipo mlango wa matajiri ulipofunguliwa, na ule wa San Lorenzo ukaanza kufungwa. Kosa kubwa zaidi lilikuwa la kisiasa. Mwaka 1924 alikutana na Mussolini na kukubali msaada wa serikali yake kwa ajili ya shule. Haikuchukua miaka mingi kabla ya kutambua kwamba mtu atakaye askari watiifu hawezi kuvumilia mtoto anayejichagulia kazi. Kufikia mwaka 1934 uhusiano ulikuwa umevunjika na shule hizo zikafungwa Italia. Ujerumani ya Hitler nayo ilikuwa imekwisha kuzifunga zake na kuvichoma vitabu vyake. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamtoa Uhispania alikokuwa akiishi, akahamia Uholanzi.

Akiwa na umri wa miaka 69, mwaka 1939, alikwenda India kufundisha walimu huko Madras. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, Waingereza wakamhesabu kuwa raia wa adui. Mario, ambaye sasa alikuwa msaidizi wake, akatiwa kizuizini. Alipotimiza miaka 70 serikali ya kikoloni ilimwachilia Mario kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ikimtaja waziwazi kuwa ni mwanawe, ilhali kwa miaka mingi mama huyo alikuwa akimtambulisha hadharani kama jamaa yake tu. Alikaa India hadi mwaka 1946 na kuwafunza walimu zaidi ya 1,000. Alifariki tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk aan Zee, Uholanzi, na akazikwa hapohapo. Inasimuliwa kwamba siku ile alikuwa akizungumza na mwanawe juu ya safari ya kuja Afrika.

Hakufika. Hata hivyo, kazi yake ilifika. Katika miaka ya 1960 mafunzo ya walimu kwa njia yake yalikuwa yameanza Dar es Salaam, na hadi leo watawa wa Kikatoliki nchini Tanzania wanaendesha vyuo vya aina hiyo. Kule Nakuru, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwaka 2007, shule kama hizo ziliwafungulia mlango watoto wa waliofurushwa makwao, na zana zikatengenezwa na wenyeji. Basi hoja ya kwamba Mwafrika maskini hawezi kugharamia jambo hili imekwisha kujibiwa kwa vitendo.

Wako watakaosema kwamba mambo ya San Lorenzo ni masimulizi ya mwenye shule akijisifu. Ni haki kutilia shaka. Lakini mwaka 1973 watafiti wa Marekani waliwapa watoto wa chekechea waliopenda kuchora ahadi ya tuzo wakichora. Wiki moja au mbili baadaye watoto hao walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Tuzo ilikuwa imeua hamu. Na mwaka 2006 jarida la Science lilichapisha utafiti wa shule ya umma ya Montessori mjini Milwaukee, ambayo wanafunzi wake walichaguliwa kwa kura, na watoto wa miaka mitano waliobahatika kuingia wakawashinda katika kusoma na hesabu wenzao waliokosa nafasi.

Serikali ya Kenya haiwezi kusema haijui. Kati ya mwaka 1971 na 1982 Taasisi ya Elimu ya Kenya iliendesha mradi wa chekechea uliofadhiliwa na Wakfu wa Bernard van Leer, na mwaka 1984 kikaanzishwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo. Katika yote hayo walimu walihimizwa kutumia vitu vya mazingira yao na kumwacha mtoto ajifunze kwa kucheza. Fimbo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu ya chekechea kwa kaunti, na mtaala uliozinduliwa mwaka 2017 unazungumza lugha ambayo Montessori angeielewa. Karatasi ziko sawa. Lakini si zamani nilionyeshwa, katika mtaa mmoja wa Eastlands, kadi ya matokeo ya mtoto wa miaka mitano iliyoonyesha kuwa amekuwa wa 37 kati ya watoto 41. Mama yake, mfanyakazi wa kiwandani, aliniuliza kama mtoto huyo ana akili kweli. Mtoto alikuwa amesimama hapo hapo akisikiliza.

Simlaumu mwalimu wake. Mzazi anayelipa karo kwa wiki, tena kwa jasho, anataka kuona daftari lililojaa alama, na mwenye shule anamwogopa mzazi atakayemhamisha mtoto. Mwalimu mwenyewe, ambaye mara nyingi ni binti aliyemaliza kidato cha nne na analipwa kidogo, anafundisha kama alivyofundishwa. Nami ningemkumbusha kwamba aliyeanza kazi hii pale San Lorenzo alikuwa na elimu ndogo kuliko yake. Watoto 60 katika chumba kimoja ni wengi, ndiyo. Lakini watoto 60 wanaokariri kwa sauti moja ni kazi ngumu zaidi ya koo kuliko 60 walioshika kitu mikononi.

Na vitu vya kushika haviko mbali. Nyuma ya viwanda vya Industrial Area hutupwa vipande vya mbao, maboksi, vitambaa vya rangi, vifuniko vya chupa na mabaki ya karatasi ya msasa. Seremala wa Gikomba anayetengeneza vitanda anaweza kuchonga vigogo kumi na ubao wenye matundu kumi kwa mchana mmoja. Juma lililopita nilimuuliza mmoja wao angetoza kiasi gani. Alifikiri kidogo, akataka kwanza kujua vinafanya kazi gani, na nilipomweleza akasema angeanza na seti moja ya mtoto wake.